Sura ya Saba: Nyekundu Yenye Ukingo Mweupe

Rubani alikataa kuketi. Alisimama upande wa pili wa meza, barakoa imempanda hadi chini ya macho, akarudia neno lile lile alilomwambia kila aliyemuuliza: aliona nyekundu, akageuza.

"Nyekundu ya namna gani?" akauliza Subira, OPJ, yaani mpelelezi wa polisi.

Marcellin akamtazama kama mtu aliyeulizwa chumvi ni ya namna gani. "Mama OPJ, nyekundu ni nyekundu. Ukiiona, haushuki. Njo sheria."

Sheria hiyo ililetwa na Korona. Zamani helikopta ya wagonjwa ya Kasongo ilitua popote palipofagiwa, daktari akashuka, akampapasa mgonjwa, akampakia pamoja na ndugu yake mmoja. Sasa viwanja vya ndege vya dunia vilikuwa vimefungwa, marubani wenzake walikwama kwao, na Marcellin alibaki peke yake kwa Kasongo, Kabambare na migodi yote ya Salamabila. Kila safari ilifuatwa na kuosha chombo kwa dawa na kukiacha wazi juani mpaka harufu iishe. Ndugu wa mgonjwa hawakupanda tena. Na ili rubani asimsogelee mtu bila kujua, kila kituo cha afya kilipewa vitambaa viwili vikubwa vya kutandika kiwanjani. Cheupe: mgonjwa hana homa wala kikohozi, shuka. Chekundu: anakohoa, usishuke, rudi ukachukue hema la plastiki la kumfungia, uje kesho.

Sarah-Grâce hakuwa na kesho. Alikuwa mke wa mchimba dhahabu, amelala kwenye kituo cha afya cha Wamaza, mtoto amemkwama. Muuguzi mkuu, François, aliita helikopta. Ikaja, ikazunguka juu ya kiwanja, ikarudi Kasongo kuchukua hema. Kabla haijaruka tena, Sarah-Grâce alikufa na mtoto tumboni. Hakuwa na homa. Hakukohoa hata mara moja.

Watu wa Wamaza walitaka kumjua aliyetandika nyekundu, na kwa kuwa vitambaa vilikaa kabatini kwa François, hawakutafuta mbali. Walichoma nyumba yake. Yeye askari walimnyakua mikononi mwao, wakamfungia katika kasho, mahabusu ya polisi ya Kabambare, akingoja gari la kumpeleka gereza la mkoa. Mtu anayeitwa muuaji wa mwanamke mwenye mimba hachukui muda kufa gerezani. Subira alipewa muda mpaka gari lipatikane, amtafute aliyetandika nyekundu.

François alikuwa amekwisha kumwambia yake kupitia dirisha la kasho: alitandika cheupe kwa mikono yake, akaweka jiwe kila pembe, akakimbia kurudi kwa mgonjwa kwa sababu damu ilikuwa inamwagika. Rubani alisema nyekundu. Mmoja wao alikuwa mwongo, au wote wawili walisema kweli. Hilo la pili ndilo lililomleta Subira kwenye meza hii.

"Funga macho," akamwambia Marcellin. "Uko juu ya Wamaza. Unaangalia chini. Ile nyekundu inafika mpaka wapi?"

Marcellin akafumba macho bila kupenda.

"Katikati yote," akasema. Halafu sauti ikapungua. "Pembeni kulikuwa weupe. Kidogo. Kama ukingo ya sahani."

"Uliambia nani?"

"Hakuna mutu aliniuliza ukingo."

Njia ya Wamaza si njia, ni ugomvi kati ya pikipiki na mawe. Subira alifika amejaa vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, akaenda moja kwa moja kwenye kabati la kituo cha afya. Régina, muuguzi msaidizi aliyebaki peke yake na kazi zote, alimfungulia huku akimweka mbali kwa mkono, kama walivyozoeshwa na ugonjwa.

Kitambaa chekundu kilikuwepo, chenye pete za shaba kwenye pembe, kimekunjwa kama kilivyoletwa. Subira alipokikunjua, mayai ya mende yakamwagika sakafuni. Hakikuwa kimefunguliwa tangu siku kilipotolewa mfukoni. Na kilikuwa chekundu kutoka pindo hadi pindo. Hakikuwa na ukingo wowote.

"Na nyeupe?"

Régina alisema hakuiona tangu siku ile. Helikopta ilipogeuka alikimbilia kiwanjani, hakukuta kitu; alidhani François aliianua, halafu polisi wakaichukua.

Subira akamuuliza nani walikuwa chumbani na mgonjwa. Mama mukwe wake, Mama Cécilia, akajibu Régina, na wamama wengine wakubwa wa ukoo. Walikuwa wakifanya nini? Régina akaanza kupanga mikasi kwenye sinia, mikasi ambayo ilikuwa imekwisha kupangwa.

"Walikuwa wanamuuliza."

"Kumuuliza nini?"

"Mama OPJ, na wewe ni mwanamuke. Unajua wanauliza nini."

Subira alijua. Mtoto akikwama, wakubwa husema kuna mwanamume anayemzuia, mwanamume wa nje ambaye hajatajwa. Mwanamke akitaja jina, njia hufunguka. Akificha, hufa nalo. Wauguzi walikuwa wakiwafukuza wamama hao mlangoni miaka yote, na miaka yote walikuwa wakiingia dirishani.

"François aliwaacha?"

"Aliwafukuza. Akatoka kutandika kitambaa, wakarudi. Aliporudi akakuta wote wako ndani, ni Mama Cécilia tu ametoka inje, wamama wakasema amekwenda kukojoa."

Subira alifunga kabati. Alimwomba Régina amwonyeshe nyumba ya Zakaria.

Jina la Zakaria alikuwa amelisikia kabla hajashuka kwenye pikipiki. Kijiji kizima kilichomlaani François kilikuwa na pumzi iliyobaki ya kumlaani Zakaria. Alikuwa mbeba wagonjwa kwa pikipiki kutoka vijijini, na helikopta ilipoanza kuja ilimnyang'anya kazi. Aliwahi kugombana na François hadharani, akasema siku moja lile dude lake litarudi tupu. Na alikuwa na turubai jekundu la kufunikia mizigo, lenye pindo jeupe.

Alimkuta akifunga mnyororo wa pikipiki. Turubai lilikuwa ukutani.

"Nilikuwa ninakungoja," akasema bila kuinua kichwa. "Nikajiuliza, huyu mama wa Kasongo, atakula nini kwanza, wali ao mimi?"

"Tandika."

Akatandika. Lilikuwa jekundu, na pindo jeupe kama alivyosema rubani. Lakini katikati palikuwa na kiraka cha plastiki ya buluu, kipana kama mlango wa jiko, kimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Kiraka kilikuwa cha zamani. Jua lilikwisha kukipausha sawasawa na turubai lenyewe. Mtu aliye juu asingekosa kuiona buluu ile.

"Na tena," akasema Zakaria, "ni mimi nilimutoa kule migodini kwa bwana yake mpaka hapa. Alikuwa ananishika mugongo, anaomba musamaha kila jiwe tunaruka. Eti ananichokesha. Ningetaka afe, ningemwangusha kwenye njia."

Subira akamsaidia kukunja turubai. Akamuuliza ni nani aliyemrudisha kule kuzikwa.

"Ni mimi. Alikuja nayo, alirudi nayo, hii pikipiki." Akaipiga kiti. "Walimufunga mu kitambaa nyeupe. Kizuri, lakini chafu. Madoa ya manjano mugongo mzima. Nikamwambia Mama Cécilia, mama, hata kitambaa safi ya kuzika mutoto wako ulikosa? Akasema maduka imefungwa, bidhaa haitoki Kasongo, nifunge mudomo niendeshe."

"Manjano ya nini?"

"Ya mawese. Nyumba ya yule mama kila kitu kinanuka mawese. Hata kuku zao."

Kiwanja cha helikopta kilikuwa nyuma ya kituo cha afya, mahali pa wazi palipofagiwa mpaka udongo ukang'aa. Korona ilipoanza, helikopta ilikaa muda mrefu bila kuja, na wanawake wa jirani hawakuweza kuona udongo safi hivyo ukikaa bure. Pembeni palikuwa na mihogo iliyoanikwa, na mbuzi wawili waliokuwa wakiionea tamaa.

Mawe ya François yalikuwa bado pale. Manne, bado kwenye pembe nne, ingawa kitambaa kilikuwa kimevutwa chini yake. Subira akachuchumaa kwenye la kwanza. Siafu walikuwa wametoka nyasini wamepanga mstari, wakaingia chini ya jiwe. Akaliinua. Chini yake palikuwa na chikichi moja, tunda la mchikichi, limepondeka, nyama yake nyekundu imekuwa uji. Jiwe lenyewe upande wa ndani, ulioelekea kitambaa, lilikuwa na mafuta. Upande wa nje lilikuwa kavu.

Akazunguka yote manne. Upande wa ndani mafuta, upande wa nje vumbi.

Alisimama katikati, akainua kichwa mahali ambapo helikopta ingekuwa. Kitambaa cheupe kimetandikwa. Juu yake chikichi zilizopukuchuliwa, nyekundu kama damu mpya, zimemwagwa na kusambazwa mpaka karibu na mawe. Yanapoanzia mawe, weupe umebaki. Ukingo wa sahani. Kama Marcellin angeshuka chini kidogo tu, upepo wa mapanga ungezitawanya chikichi zote mpaka kwenye mihogo. Lakini sheria ilisema ukiona nyekundu usishuke.

Nyumba ya Mama Cécilia ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na kiwanja.

Mama huyo alikuwa uani, mwembamba, mnyoofu, kitambaa cheusi cha msiba kichwani. Pipa la chikichi lilichemka nyuma yake. Mbele yake palikuwa na beseni, na juu ya beseni kitambaa ambacho alikuwa akichujia mafuta. Alimkaribisha Subira kwa heshima, akamtolea kiti, akakipangusa. Akasema anamshukuru Mungu kwamba serikali imemtuma mwanamke, kwa sababu mwanamke ataelewa uchungu. Akauliza yule François atanyongwa lini.

"Hawanyongi, mama."

"Basi watamufanya nini?"

"Wafungwa watamuua."

"Ni sawa," akasema Mama Cécilia, akakamua kitambaa. Mafuta yakadondoka kama asali.

Subira alikuwa akikitazama kitambaa kile. Kilikuwa kimelowa mpaka kimekuwa rangi ya udongo, lakini pindo lake lilikuwa pana, limeshonwa kwa cherehani kwa uzi wa kijani, na kwenye pembe palikuwa na tundu la kupitishia kamba, lenye pete ya shaba. Vitambaa vya wanawake wa Wamaza havina pete za shaba.

Akanyoosha mkono, akakichukua. Mama Cécilia hakukivuta.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ya mutoto wangu. Ile kipande ingine nilimuzikia. Mulitaka nimuzike na majani ya ndizi?"

"Kwanza uliitandazia chikichi."

Mama Cécilia akapangusa mikono yake, polepole, kidole baada ya kidole. Alisema kila mtu anaanika kiwanjani. Jua lilikuwa kali, kitambaa kilikuwa safi, yeye ni mwanamke mzee, mambo ya rangi za wazungu anayajulia wapi. Alikosa. Mungu amsamehe.

Subira alimwacha amalize. Halafu akamwambia, kwa sauti ya mtu anayehesabu nguo za kufua, kwamba mtu anayetaka kitambaa cha kuanikia hukichukua akakipeleka karibu na mlango wake. Yeye alikiacha palepale na mawe juu yake. Chikichi za kuanikwa hukaa mpaka jua lishuke; hizi zilianuliwa helikopta ilipogeuka tu, maana Régina alipokimbilia kiwanjani hakukuta kitu. Na alikuwa kituoni François alipoita kwa foni, redio ya kituo. Alisikia sheria ya rangi ikisomwa kwa sauti, nyeupe shuka, nyekundu rudi.

"Wewe umezaa?" akauliza Mama Cécilia.

"Wanne."

"Walikuuliza?"

"Mama yangu alisimama mulangoni. Hakuna aliyeingia."

"Ninyi watu wa Kasongo," akasema Mama Cécilia, na hapakuwa na hasira ndani yake, ni kama aliyetaja hali ya hewa. "Dini yenu ni ingine, mila yenu ni ingine." Akachochea moto. "Zamani mugonjwa alikuwa anapanda na mama mukwe. Unakaa naye pembeni, unamuuliza njia yote, na hospitali unamuuliza. Nilimupeleka hivyo muke ya kijana wangu mukubwa, akataja, akazaa. Sasa ni yeye peke yake na wale watu wa kuvaa mifuko. Jina angesema kwa nani? Angezaa kule, angerudi na mutoto mukononi, na sisi tungelea mutoto wa nani?"

"Angerudi na mutoto."

"Ilikuwa ya kuchelewesha tu. Kesho ingekuja tena. Nilitaka usiku mumoja."

Pipa likachemka likamwaga povu motoni. Subira akauliza swali ambalo halikuhitajika kwa ajili ya mashtaka.

"Alitaja?"

"Alitaja. Tulimukalia miguu, akataja." Mama Cécilia alisema hivyo kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika kitu kigumu. "Kwanza alisema hakuna. Helikopta ikaenda, François akakimbia kwenye foni, huyu akaisikia inaenda, njo akaanza kusema. Akasema Zakaria. Mutoto hakutoka. Akasema François. Hakutoka. Akataja mwalimu, akataja katekista. Kila jina tunamupa, anakamata. Mwisho nikamuuliza kama ni bwana yangu, Jean-Marie. Akasema ndiyo, ni yeye, mama, nisamehe, muniache." Akatikisa kichwa. "Jean-Marie alikufa mbele ya huyu kuolewa kwetu. Hakumuona hata siku moja. Pale njo nikajua, huyu mwanamuke ni muongo toka mwanzo."

Subira akakikunja kitambaa, mafuta yakamtiririkia mkononi mpaka kwenye kiwiko. Akakitia katika mfuko wa plastiki.

"Simama, mama. Tunaenda kwenye foni, halafu Kasongo."

Mama Cécilia alisimama bila ubishi. Alizima moto kwanza, kwa sababu mafuta yangeungua.

Njiani watu walitoka milangoni. Walimwona mama mkwe wa marehemu akitembea mbele ya polisi na kitambaa chake cheusi, wakadhani anakwenda kutoa ushahidi. Mwanamke mmoja alimkimbilia na mwavuli, akamfunika jua. Mwingine alimpa muhogo wa kuchoma kwa ajili ya safari. Kijana mmoja akamuuliza kama anaenda kumsemea yule François mbele ya serikali.

"Ninaenda kusema," akajibu Mama Cécilia. Wakampigia makofi. Subira hakuwasahihisha. Kama angewasahihisha, wangemuua pale pale, na yeye alimhitaji hai.

Foni ya kituo cha afya, redio ya zamani yenye betri ya gari, ilikaa kwenye chumba cha wagonjwa wa kawaida. Mama Cécilia alikaa kwenye benchi, Régina akasimama mlangoni. Subira aliita Kabambare, akaita tena, mpaka akajibiwa na Jean-Paul, mkuu wa askari wa zamu. Alimwambia mara moja: amtoe François kashoni, hana kosa, mwenye kosa anaye mkononi.

Foni ikakoroma.

"Umechelewa kidogo, mama," akasema Jean-Paul. Alieleza kwa kifupi, kama mtu anayetaka neno limtoke mdomoni. Asubuhi vijana walikuja na pikipiki kutoka upande wa Wamaza, wengi kuliko askari. Walivunja mlango wa kasho. Walipoondoka, François alikuwa bado anapumua, lakini mbavu zilikuwa zimeingia ndani na tumbo lilikuwa linavimba. Daktari wa Kabambare alisema asipopasuliwa leo huko Kasongo, ataishia hapo. Helikopta ilikuwa angani inakuja.

"Vizuri. Basi?"

"Rubani anataka rangi. Wauguzi wenyewe hapa wanagombana. Nitandike gani?"

"Anakohoa?"

"Anakohoa, mama. Anakohoa damu. Inaweza kuwa mbavu. Lakini mu kasho alilala na watu, na wawili wao wana homa toka juma iliyopita. Daktari anasema hawezi kujua. Mimi ni askari, nitajulia wapi?"

"Hema ya plastiki iko?"

"Iko Kasongo. Nikitandika nyekundu, ni kesho."

Subira alikishika kifaa cha kusemea bila kukibonyeza. Kule juu alikuwa Marcellin, barakoa hadi chini ya macho, rubani mmoja kwa Kasongo, Kabambare na migodi yote. Akiugua huyo, hakuna mwanamke wa Wamaza wala mchimbaji wa Salamabila atakayesikia tena ule mlio ukija. Hatashuka kuuliza. Atatazama chini, ataona rangi, na ataiamini. Alimtazama Régina. Régina akainama, akaanza kuangalia miguu yake.

"Mama OPJ?" Foni ikaita. "Ninaisikia. Imefika juu ya mulima. Nitandike gani?"

Akabonyeza.

"Nyeupe."

Kwenye benchi, Mama Cécilia alikuwa akimenya muhogo aliopewa. Alikata kipande, akakitia mdomoni, akatafuna taratibu.

"Kumbe si kazi ngumu," akasema. "Ni kutandika tu."

"Mama, sikusikia vizuri," ikasema foni. "Umesema rangi gani?"

"Nyeupe," akasema Subira mara ya pili, akimtazama yule mama usoni.